Mgonjwa wa Mfano wa Kilimbaga

Iko nchi moja inaitwa Jamhuri ya Subira. Msiitafute kwenye ramani, maana ramani yake imeshachorwa ila bado haijazinduliwa. Watu wake tunaitwa Wasubiri, na mimi Nyamizi ni mmoja wao. Nakaa Kilimbaga, kijiji cha mwisho kabla nchi haijaisha. Haya ninayoyasimulia hayawezi kutokea kwenu. Kwenu najua mambo yanakwenda.

Serikali yetu ni nzuri sana, tena inatujali. Ina sheria moja iliyo kubwa kuliko zote: kitu cha umma hakitumiki mpaka mgeni rasmi akate utepe. Kisima kikishachimbwa kinafunikwa, utepe unafungwa juu yake, nasi tunaendelea kuchota maji ya dimbwi huku tunakitazama kisima chetu kwa fahari. Zahanati yetu ina utepe mlangoni, kwa hiyo mganga huwatibu watu dirishani kwa kuwapa pole. Na mtoni tuna daraja la zege, pana, zuri mpaka unaona haya kulitazama. Lilijengwa mjukuu wangu Sikitu akiwa ananyonya. Sasa hivi Sikitu amechumbiwa, na Waziri wa Barabara bado hajapata nafasi.

Basi sisi tunavuka chini yake, kwenye kivuko cha mawe. Mvua ikinyesha juu milimani maji yanajaa, tunakaa kwenye kivuli cha daraja kusubiri yapungue. Kivuli hakikuwekewa utepe. Kwa hilo tunashukuru.

Utepe wa daraja una askari wake, Koplo Ndulute, kijana mpole, analinda mchana kutwa. Amri aliyopewa ni fupi: asiachie mtu yeyote kuukata, kuufungua, wala kuugusa kwa mkono. Ukipauka kwa jua, analetewa mwingine kutoka makao makuu. Utepe wa Kilimbaga umebadilishwa mara nyingi kuliko madawati ya shule yetu.

* * *

Sasa niwaambie kilichotuingiza kwenye mambo ya serikali.

Kilimbaga, tangu enzi za wazee, mtu alikuwa habebwi mpaka afe. Akishakufa, hapo anabebwa kwa namna ya kutamanisha. Jeneza haliwekwi chini. Watu wa kitongoji chake wanalipeleka mpaka kwenye mpaka wao, wa kitongoji kinachofuata wanalipokea begani huku wanatembea, na waliopokewa hawageuki kurudi nyumbani, wanafuata nyuma kwa nyuma, mikono ikiwa tayari, ili wa mbele wakichoka washike tena. Tunaita kupokezana. Mtu anayetoka kwenye kupokezana kabla ya kufika, jina lake linaharibika mpaka kwa wajukuu. Lakini mgonjwa, ah, mgonjwa alikuwa anakwenda kwa miguu yake, na mtu mmoja wa kumshikia chupa ya maji.

Ndivyo alivyokwenda mke wa Tungaraza, fundi baiskeli. Uchungu ulimshika vibaya, akatembea mpaka mtoni, akakuta maji yamejaa. Akasubiri kivulini mwa daraja. Alifia pale pale, na mtoto wake tumboni. Habari zilipofika kijijini wanaume wakatoka kila upande, wakamrudisha nyumbani mbio mbio hata sanda ilikuwa haijanunuliwa.

Siku ya pili ya matanga Tungaraza alisimama mbele ya watu, mtu ambaye kwa kawaida huongea na baiskeli tu. Akasema, "Jana mmenibebea mke wangu vizuri. Nawashukuru. Lakini mngembeba hivyo hivyo juzi asubuhi, leo angekuwa anawamiminia chai."

Watu walijifanya wanatafuta viatu.

Kesho yake tukaanza Kikosi cha Kupokezana. Tungaraza akawa mkuu wetu. Tulikata miti miwili ya kunyooka, tukashonea magunia katikati, ikawa machela. Nesi mmoja mstaafu aliyekuja kutembelea ndugu zake alikaa na sisi, akatufundisha kuziba damu, kufunga banzi kwenye mfupa uliovunjika, na kumtuliza aliyeumwa na nyoka asitembee hata hatua. Kila kitongoji kikapewa filimbi. Filimbi ikilia, jembe unaliacha hapo hapo shambani. Tulimbeba mzee aliyeanguka kutoka kwenye paa, tukambeba mtoto aliyemwagikiwa na uji, na wote wako hai, mzee bado anatukana watu kama zamani.

Kosa letu ni kwamba habari zilisikika.

* * *

Akaja Bwana Tegemeo, Afisa Dharura wa wilaya, anatoka Wizara ya Dharura na Sherehe. Zamani zilikuwa wizara mbili, zikaunganishwa ili kubana matumizi, na kwa kuwa sherehe hujulikana mapema na dharura haijulikani, ikaamuliwa zianze kushughulikiwa sherehe.

Bwana Tegemeo hakuwa mtu mbaya. Alivaa suti ya kijivu kwenye jua la Kilimbaga bila kulalamika. Alituuliza, kwa upole kabisa, tumeokoa watu kwa idhini ya nani. Tungaraza akasema kwa idhini ya waliookolewa. Bwana Tegemeo akatikisa kichwa, akatueleza kama watoto kwamba mgonjwa hana mamlaka; kwamba mtu akipona kabla kikosi hakijazinduliwa, uponaji wake unakuwa hauna mwenyewe, na serikali haiwezi kuwa na watu wanazagaa tu wamepona.

Hata hivyo alituletea zawadi: machela mpya ya chuma na kisanduku chekundu cha dawa, vyote vimefungwa utepe wa bluu wenye ua kubwa. Machela yetu ya magunia alisema inaaibisha taifa, ifichwe nyuma ya shule. Filimbi zisipulizwe. Asibebwe mtu mpaka siku ya uzinduzi, na dharura zote zisubiri.

Tungaraza akauliza kama nyoka nao watapewa taarifa.

"Suala la nyoka," akasema Bwana Tegemeo, "liko wizara nyingine."

* * *

Siku ya uzinduzi ilifika baada ya kuahirishwa mpaka tukazoea. Tangu jua linachomoza tulikuwa uwanjani. Turubai lilikuwa juu, viti vya mbele vimevikwa vitambaa, vipaza sauti vinakoroma juu ya gari la Bwana Tegemeo, gari pekee kijijini siku hiyo. Kikosi kilipangwa mistari. Machela ya chuma iliwekwa mezani kama bibi harusi, na utepe wake.

Katika kila uzinduzi wa namna hii huwa kuna mgonjwa wa mfano, mtu mwenye afya ambaye analala chini na kujifanya anaumwa, ili mgeni rasmi aone kikosi kinavyofanya kazi. Nafasi hiyo iligombewa sana, maana mgonjwa wa mfano hupewa soda. Akaipata Pesambili, shemeji yake mtendaji wa kijiji. Alifungwa bendeji tangu alfajiri, kichwa kizima, akaonekana kama boga. Jua lilipopanda akala wali uliokuwa umeandaliwa kwa ajili ya msafara, akalala usingizi wa kweli chini ya meza.

Halafu ikaonekana lango la kuingilia halina majani mabichi. Mgeni rasmi hawezi kupita kwenye lango lisilo na majani. Wasichana wakatumwa kichakani wakakate matawi, na mjukuu wangu Sikitu akiwamo.

Mimi na Sikitu tunaitana mke mwenza. Marehemu babu yake alikuwa akimtania tangu anatambaa kwamba huyo ndiye mke mdogo, na mimi nikawa namjibu ampikie basi tuone. Mzee amekufa, utani umebaki. Kwa hiyo niliposikia sauti kutoka kichakani ikiniita, "Bibi," tu, bila mke mwenza, nilijua kuna jambo.

Nyoka aina ya fira alikuwa kwenye yale matawi. Alimuuma juu kidogo ya kisigino, akainua kichwa chake kipana, akaondoka taratibu kama mwenye nyumba.

Sikitu alikuwa amesimama amekamata tawi, hataki kukaa, anaogopa kuchafua gauni la sherehe. Nikamkalisha. Tungaraza alifika anakimbia, watu wa kikosi nyuma yake. Akapiga magoti, akatanua khanga yangu, akaanza kumzungushia mguu toka vidoleni kwenda juu kama tulivyofundishwa, na mwingine akaleta ubao wa kufungia mguu usicheze. Tungaraza akafunga fundo la mwisho, akainua uso.

"Dawa ya sumu iko hospitali ya wilaya tu," aliniambia. "Tumbebe sasa hivi."

Bwana Tegemeo alikuwa amefika, anajifuta jasho. Aliona yote, aliona mguu, akapata huzuni ya kweli. Akasema pole sana Bibi. Kisha akasema hatuwezi kumbeba. Machela ya chuma ina utepe. Machela ya magunia ni marufuku. Gari lake lina vipaza sauti, na mgeni rasmi ameshavuka mto, atafika wakati wowote, atakuta uwanja hauna sauti na kikosi hakipo. Itakuwa aibu ya taifa.

"Bwana Tegemeo," nikamwambia, "huyu anakufa."

"Asife sasa hivi, Bibi. Kikizinduliwa tu, atakuwa mtu wa kwanza kubebwa kihalali."

Nikamwangalia Tungaraza. Alikuwa anaangalia kule mtoni, na najua alikuwa anamwona nani. Akasema yeye anambeba, kufungwa na afungwe. Bwana Tegemeo akasema hatafungwa yeye peke yake. Kikosi kitafutwa, wote walioshiriki watafungwa, na filimbi zitachukuliwa. Na hata mkibeba, akauliza, mtakwenda kwa miguu mpaka lini? Hapo alisema kweli. Kwa mabega, hospitali ni mbali. Sumu ya fira haiendi kwa miguu.

Nilihitaji gari. Na gari lililokuwa linakuja lilikuwa moja.

Mimi nimezaliwa katika Jamhuri ya Subira, nimesubiri mambo mengi, na ninajua jinsi nchi yangu inavyofikiri. Nikamwambia Bwana Tegemeo kwamba mgonjwa wake wa mfano amekula wali wa msafara na anakoroma. Akainama chini ya meza, akamtikisa Pesambili. Pesambili akageukia upande wa pili.

Nikasema, "Basi mchukue wangu."

Bwana Tegemeo alinitazama kama mtu aliyerushiwa kamba akiwa majini. Akasema kwa sauti ndogo kwamba huyu hana bendeji kichwani. Tukamfunga kichwani.

* * *

Mgeni rasmi alikuwa Mheshimiwa Naibu Waziri wa Dharura na Sherehe. Alishuka kwenye gari jeupe refu, akapita langoni chini ya yale matawi, akasifu majani. Wapiga picha walimtangulia wanatembea kinyumenyume. Sikitu tulimlaza kwenye mkeka mbele ya meza, mimi nimekaa kichwani kwake kama ndugu wa mfano. Alikuwa bado anaongea vizuri. Mguu ulikuwa unavimba, ndani ya khanga nauona.

Mheshimiwa akaanza hotuba.

"Wananchi wa Kilimbaga," akasema, "dharura ni nini? Wataalamu wametofautiana. Wapo wanaosema dharura ni jambo la haraka. Mimi nasema hapana. Haraka ndiyo dharura yenyewe. Taifa lililopangika halina haraka, na lisilo na haraka haliwezi kupatwa na dharura."

Tukapiga makofi. Tulipangiwa kupiga makofi.

Akaeleza wizara ilikotoka. Akaeleza alikotoka yeye, akamshukuru mwalimu wake wa darasa la kwanza. Kule juu milimani anga lilikuwa jeusi na radi inanguruma mbali, Mheshimiwa akasema hata mbingu zinaitikia. Sikitu akaniambia mate hayamezeki. Nikamgeuza ubavu yakatoka kwa upande wa mdomo. Kope zake zilikuwa zinashuka kama za mtoto anayepigana na usingizi, na alikuwa akiziinua kwa nguvu za paji la uso.

Mheshimiwa akasimamisha hotuba, akamwelekezea kidole.

"Tazameni binti huyu," akasema. "Tazameni macho. Nimezindua vikosi vingi, sijaona mgonjwa mwenye nidhamu kama huyu. Anaonekana mgonjwa kabisa. Huu ndio uzalendo."

Makofi tena. Tungaraza hakupiga. Alikuwa amesimama mstari wa mbele, ameikunja ngumi mgongoni, na midomo yake inakwenda kimya kimya. Nadhani alikuwa anahesabu pumzi za Sikitu.

Sikitu akanivuta kidole. Sauti yake ilikuwa nzito, kama ina pamba.

"Bibi," akasema, "mbona nawaona mko wawili."

"Tuko wawili, mke mwenzangu," nikamjibu. "Mmoja atabaki hapa akushike mkono. Mwingine anakwenda kumnyamazisha huyu bwana."

Nikasimama. Katika maisha yangu sikuwahi kusimama mtu mkubwa akiongea. Nilikwenda mpaka mbele ya kipaza sauti, nikapiga magoti kama adabu inavyotaka, na nikiwa chini pale pale nikasema, "Mheshimiwa, naomba radhi, imefika sehemu ya pili ya zoezi."

Mheshimiwa akageuka kwa Bwana Tegemeo. Bwana Tegemeo akaanza kupekua ratiba yake.

Nikaendelea. Nikasema wananchi wa Kilimbaga wameandaa, kwa mapenzi yao, kwamba Mheshimiwa akishakata utepe atamsindikiza mgonjwa mwenyewe, kwenye gari lake mwenyewe, mpaka hospitali ya wilaya, ili taifa zima lione kiongozi anayeokoa kwa mikono yake. Wapiga picha wameshajulishwa.

Wapiga picha walikuwa hawajajulishwa chochote, lakini waliposikia wanatajwa waliinua kamera. Mheshimiwa akaziona. Kuna kitu hutokea kwenye uso wa mkubwa akiona kamera, sijui kukieleza, ni kama maua yakiona jua.

"Kumbe mmejiandaa hivi," akasema. Akachukua mkasi kwenye mto wa hariri, akakata.

Lile ua la utepe halijagusa chini, Tungaraza alishaibeba machela.

* * *

Nilikaa nyuma na kichwa cha Sikitu mapajani. Mheshimiwa alikaa mbele, anapunga mkono dirishani. Wapiga picha walijazana kwenye gari la Bwana Tegemeo nyuma yetu, pamoja na vipaza sauti, ambavyo kwa haraka hakuna aliyevizima, kwa hiyo tulikwenda tukifuatwa na wimbo wa taifa.

Nikageuka. Watu wa kikosi walikuwa wanakuja nyuma, mbio, Tungaraza mbele, na begani wamebeba ile machela ya magunia waliyoichomoa nyuma ya shule. Sikushangaa. Mtu akishabebwa Kilimbaga hatuachani naye kabla ya mpaka, hata akiwa kwenye gari la serikali, na mpaka wetu ni mto.

Njiani Sikitu alitapika. Mheshimiwa akageuka kuona. Alitazama kidevu, kifua kinavyopanda kwa shida, na vidole vinavyobadilika rangi. Akateremsha mkono wake dirishani.

"Bibi," akaniuliza polepole, "huyu binti bado anaigiza?"

"Mheshimiwa, ukitaka aendelee kuigiza, mwambie dereva aongeze mwendo."

Akamwambia. Sauti yake haikuwa ile ya kipaza sauti.

Tulipofika mtoni, kivuko hakikuwepo. Mvua ya milimani ilikuwa imeshashuka. Maji mekundu, magogo yanapita, mawe yote yamefunikwa. Asubuhi Mheshimiwa alikuwa amevuka pale bila kulowesha tairi. Mto ulijaa wakati wa hotuba.

Juu yetu daraja lilikuwa limekauka, tupu, na utepe umekaa sawa.

Koplo Ndulute alipiga saluti. Mheshimiwa akashuka na ule mkasi bado anao mkononi, akaenda mpaka kwenye utepe, nikadhani anakata. Hakukata. Alisimama mbele yake kama mtu aliyefika kwa mkwewe bila taarifa.

"Mkasi ninao," akasema, "mamlaka sina. Daraja ni la Barabara. Mimi ni wa Dharura."

Akatoa simu. Akampigia Waziri wa Barabara. Waziri alikuwa kwenye uzinduzi. Akampigia katibu wake. Katibu akaomba ombi liletwe kwa utaratibu. Nilisikia Mheshimiwa anamwambia, "Kuna mtu anakufa hapa," nikasikia na yule anauliza, kwenye simu, kama marehemu amezinduliwa. Mheshimiwa akakata simu. Alikuwa analia, au ni jasho, sikuwa na nafasi ya kuchunguza.

Nikashusha sauti, nikamgeukia Koplo. Nikamwita mwanangu. Nikamwambia amtazame huyu, alimwona akipita hapa kila siku ya gulio. Akasema anamfahamu. Akasema yeye ana mke na watoto, na amri ni amri: usikatwe, usifunguliwe, usiguswe kwa mkono. Alirudia maneno hayo, na mara ya pili aliyasema taratibu zaidi, neno la mwisho akalikazia.

Sikitu alivuta pumzi, halafu nikasubiri nyingine. Nikasubiri. Ikaja, fupi.

Hapo wakafika wapokezaji wetu, wametota jasho. Tungaraza hakuuliza. Alitazama maji, akalitazama daraja, mahali pale pale alipompoteza mkewe. Akaiweka machela chini, akachana magunia kwa kisu cha baiskeli, ikabaki miti miwili mitupu. Mmoja akampa mwenzake. Wakaipitisha miti chini ya utepe, mmoja upande huu, mwingine upande ule, wakauinua. Haukukatwa. Haukufunguliwa. Hakuna mkono uliougusa. Ulipanda juu taratibu, ukatanuka, ukapita urefu wa gari.

Koplo Ndulute akageuka kutazama mto kwa makini sana, kama vile ameusikia unamtukana.

Tukapita chini yake.

* * *

Hospitali daktari alimtazama Sikitu mara moja, akaita watu. Mheshimiwa alitaka kueleza kwamba hili ni zoezi la kitaifa. Daktari akamwambia atoke nje na wapiga picha wake. Akatoka. Waliweka dawa ya sumu kwenye mshipa, wakamwekea mpira kooni, na muuguzi mmoja akawa anamminyia mfuko wa hewa kwa mkono. Akichoka anapokea mwingine, bila kusimama. Nilikaa pale kwenye benchi nawatazama wanavyopokezana. Nikasema moyoni kumbe na huku wanaijua desturi yetu.

Sikumbuki ni mara ngapi jua lilipita dirishani. Nakumbuka mpira ulitolewa, na baadaye zile kope zikainuka zenyewe, bila kusaidiwa na paji la uso. Alinitazama.

"Leo uko mmoja," akasema, sauti kama ya jogoo mchanga.

"Yule mwingine amerudi nyumbani kulisha kuku, mke mwenzangu," nikamwambia, na nikageukia ukuta.

* * *

Serikali yetu haisahau watu wake. Redio ilitangaza kwamba zoezi la Kilimbaga lilifana kuliko yote, na kwamba mgonjwa wa mfano aliigiza mpaka mwisho. Sikitu alipewa cheti cha uigizaji. Alipotaka kueleza kwamba aliumwa kweli, akaambiwa na ofisi ya wilaya kuwa Kilimbaga hapakuwa na nyoka siku hiyo, maana nyoka hakuwepo kwenye ratiba. Pesambili analalamika hadi leo kwamba aliporwa nafasi yake.

Wizara ikafanya tathmini, ikaona tangu kikosi kizinduliwe Kilimbaga hapajatokea dharura hata moja, kilichotokea ni zoezi tu. Ikaamua kikosi hakihitajiki. Ikaja ikachukua machela ya chuma na kisanduku chekundu, vikafungwe utepe mpya vikazinduliwe kwingine. Bwana Tegemeo ndiye aliyekuja kuvichukua. Kabla hajapanda gari alinivuta pembeni, akaniambia kwamba sheria inakataza kuokoa watu bila uzinduzi, lakini mazoezi, Bibi, mazoezi hayajakatazwa popote. Akaondoka na suti yake.

Basi tangu siku hiyo hatuokoi mtu. Tunafanya mazoezi. Juzi baba mmoja alifanya zoezi la kukatwa na msumeno. Wiki iliyopita mama wa kitongoji cha juu alifanya zoezi la uchungu, mto umejaa, akarudi na zoezi la kiume linalonyonya vizuri. Siku za gulio hata magunia ya mahindi yanafanya mazoezi.

Ukipita Kilimbaga ukasikia filimbi, usiogope, shika upande wa machela kama una bega. Mkifika darajani mtamkuta Koplo Ndulute. Ile miti miwili ya Tungaraza anaitunza yeye sasa, ameiegemeza kwenye kibanda chake. Akituona kwa mbali anaishika, anaupandisha utepe, na tunapopita chini yake anauliza swali lake moja, huku anatazama mto.

"Ni zoezi?"

"Ni zoezi, mwanangu," tunamjibu, na hatusimami.